Nauli iliyobaki: siku moja ndani ya daladala

Kila mtu ana ugonjwa wake. Nina rafiki anayekijua kikosi cha Arsenal cha mwaka 2004 kuliko anavyoyajua majina ya wajomba zake. Mwingine hununua saa mbovu na kuzipanga kabatini. Ugonjwa wangu mimi ni mabasi. Na simaanishi yale ya mikoani yenye viti vya kulala na televisheni mbele. Namaanisha daladala, hizi hizi ambazo wenzangu wote pale ofisini wanaombea siku wakinunua vigari vyao wasizipande tena maishani.

Basi, Alhamisi moja ya mwaka 2023, nikiwa na siku yangu ya mapumziko, nikaamua kufanya jambo ambalo nilikuwa nimelipania muda mrefu. Nilitaka kuizunguka Dar es Salaam kuanzia alfajiri hadi usiku kwa magari ya abiria tu. Bajaji hapana, bodaboda hapana. Mfukoni niliweka sarafu na noti ndogo ndogo (makonda wa asubuhi na chenji hamjuani), daftari na kalamu. Wapenda mabasi wa Ulaya hukusanya tiketi. Sisi huku daladala haikupi tiketi, kwa hiyo mimi hukusanya maneno na historia.

Nikaanzia Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kama hujawahi kufika pale saa hizo, jua kwamba kuna mambo hujayaona. Gari likiingia kituoni halingojwi lisimame. Vijana wanarukia madirishani, anatangulia mkoba halafu kichwa, miguu inabaki nje ikitapatapa hewani. Akina mama wenye busara zao hawahangaiki na madirisha. Wao "wanageuza nalo", yaani wanalipandia kituo cha nyuma likiwa linakwenda mwisho wa njia, wanakaa, wanazunguka nalo na kuanza safari upya. Wanalipa nauli mbili kwa safari moja ili wapate kiti.

Hebu lishike hilo, msomaji wangu, maana ndilo lililonikaa kichwani siku nzima. Nauli halali ya njia fupi za mjini mwaka ule ilikuwa shilingi 500. Yule mama alilipa mara mbili. Kijana wa dirishani alilipa 500 na kifungo cha shati. Nauli iliyobandikwa kwenye tangazo ni moja, lakini ipo nyingine iliyobaki, na lazima apatikane mtu wa kuilipa.

Mimi nilipata nafasi ya kusimama, shingo imepinda kama ndizi. Tukaanza: Zakhem, Kizuiani, Misheni, Mtongani, kwa Azizi Ally. Na pembeni yetu, safari nzima, nikawa naziangalia njia za mabasi yaendayo haraka awamu ya pili, kilomita zaidi ya 20 za zege safi, vituo vimeezekwa, na basi hakuna hata moja. Mwaka ule barabara ilikuwa tayari, mabasi yakawa bado. Sisi tulibanana pembeni ya zege tupu, tukiliangalia kama watoto wanaoangalia keki dirishani. Watu wa Mbagala walisubiri hadi mwaka 2025 ndipo wakaanza kuyaona mabasi hayo yakibeba abiria.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo, maana hadithi hii ni ya zamani.

Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, DMT kwa kifupi. Ilikuwa mali ya Waingereza, na ilipewa haki ya kuendesha mabasi ya mji peke yake. Baada ya uhuru na baada ya Azimio la Arusha la 1967, haikushangaza kwamba serikali iliichukua, na hilo lilifanyika mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa vipande viwili. Safari za mikoani zikapewa KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na mji ukapewa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA.

UDA ilirithi vitu viwili. Cha kwanza ni ile haki ya kuwa peke yake. Cha pili ni mji uliokuwa unavimba. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 356,000 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 1978 ikahesabu 843,000. Miaka kumi na moja tu, watu zaidi ya mara mbili! Nauli ilipangwa na serikali na ilipangwa iwe ndogo, jambo jema kabisa kwa mfanyakazi. Lakini basi linakula dizeli, matairi na vipuri, na vitu hivyo vinatoka nje kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena 1979, na katikati hapo tukapigana vita ya Kagera. Hazina ikakauka. Mabasi yakaanza kulala gereji kwa kukosa kipuri kimoja.

Pale Gerezani niliposhuka nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi la muuza kahawa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mbona umelowa hivyo?" Nikamweleza nilikotoka na ninachofanya. Akacheka sana. Akaniambia kumbe vijana wa siku hizi mna nafasi! Yeye aliajiriwa mjini enzi za UDA, na akanisimulia zile Ikarus za Hungary, ndefu, zenye kiungo katikati kama panzi, ambazo watu waliziita kumbakumba kwa sababu zikisimama zinakomba kituo kizima. "Ikija, hamna shida," akasema. "Shida ilikuwa ije." Alikuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kupanga foleni, na siku nyingi alitembea kwa miguu kutoka Temeke. Nauli alikuwa nayo mfukoni, kamili, ila hakukuwa na wa kumpa.

Umeona? Nauli ya UDA ilikuwa ndogo, na ile iliyobaki mzee aliilipa kwa usingizi wake na soli za viatu vyake.

Pengo likiwepo, mjini hapa haliachwi wazi. Miaka hiyo ya 1970 yalikuwepo magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha, na watu wakayaita thumni thumni. Thumni ni senti hamsini. Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, nalo limebaki midomoni kutoka enzi za fedha nyingine kabisa. Yalikuwa kinyume cha sheria, yalikamatwa, na kesho yake yalikuwa barabarani tena.

Kisha mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ikakubali yaishe na kuruhusu magari binafsi kubeba abiria mjini. Nauli yake ilikuwa shilingi tano. Na shilingi tano mtaani iliitwa dala. Makonda wakapiga kelele "dala! dala!", na jina likazaliwa hapo.

Lakini kwa nini shilingi tano iitwe dala, yaani dola? Wengi hukueleza kwamba wakati ule dola moja ilikuwa sawa na shilingi tano. Mimi, kwa ugonjwa wangu, nikaenda kuhakikisha. Si kweli! Mwaka 1983 dola moja ilikuwa imeshapita shilingi kumi kwa bei ya serikali, ukiachilia mbali bei ya walanguzi. Hesabu inakubali ukirudi nyuma sana. Shilingi ishirini za Afrika Mashariki zilikuwa pauni moja, na mpaka Septemba 1949 pauni moja ilikuwa dola 4.03. Gawanya. Unapata dola moja kwa shilingi tano kasoro kidogo sana. Na Waingereza wenyewe mtaani kwao waliizoea kuiita sarafu yao ya shilingi tano dola. Pauni ilishushwa thamani mwezi huo wa Septemba 1949, mwaka ule ule ilioanzishwa DMT, na hesabu ile ikafa. Neno halikufa. Miaka thelathini na nne baadaye konda wa Kariakoo, ambaye pengine alikuwa hajazaliwa mwaka ule, akawa anaitangaza mlangoni.

Jirani zetu ni hivyo hivyo. Matatu ya Nairobi, iliyohalalishwa mwaka 1973, ilipata jina kutokana na tatu, zile sarafu tatu za senti kumi kumi zilizokuwa nauli. Thumni, matatu, dala... Watu wa Afrika Mashariki hawakuliita gari kwa jina la kiwanda wala la mwenyewe. Walilipa jina la kile kilichowatoka mfukoni. Ukitaka kujua historia ya bei za nchi hizi, usianzie benki kuu, anzia kituo cha basi.

Na daladala nayo ilikuwa na vizazi vyake. Kulikuwa na chai maharage, yale malori madogo yenye mabenchi marefu, abiria wanatazamana kama wako mgahawani wanakunywa chai kwa maharage. Zikaja DCM, vikaja vipanya vya Hiace, zikaja Coaster zinazotawala hadi leo. Vilibadilika vyuma na viti, na dala yenyewe ikaacha kununua hata pipi, lakini jina likang'ang'ania.

Nikamuaga mzee, nikakata tiketi ya mwendokasi kwenda Ubungo. Karatasi yake ninayo mpaka leo, ndiyo tiketi pekee niliyopata siku ile. Mabasi haya yalianza Mei 2016, kilomita kama 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Nauli ya kuanzia kwenye njia kuu ilikuwa shilingi 650, mwanafunzi 200. Kwenye makaratasi ya serikali yanaitwa Mabasi Yaendayo Haraka. Wananchi wakaona jina refu mno, wakayaita mwendokasi. Ni mara ya kwanza, kwa kadiri ninavyozijua njia zetu, mji huu kuliita gari la abiria kwa jina la kasi badala ya nauli. Kilichouzwa safari hii kilikuwa muda.

Na lazima niwe mkweli, likitembea linatembea. Fire, Jangwani, Magomeni, Manzese, magari madogo yamesimama pembeni yanapiga honi na wewe unapita kama kiongozi. Aliyeishi Kimara kabla ya 2016 anajua maana yake. Lakini pale Gerezani nilisimama muda mrefu kulisubiri, na lilipofika tulilivamia kwa namna ambayo mzee wa kahawa angeitambua mara moja. Kumbakumba ile ile, ila hii ina milango inayojifunga yenyewe. Mwendokasi umepunguza muda wa kuwa ndani ya gari. Muda wa kituoni bado analipa abiria.

Nikashuka Ubungo. Zamani hapa ndipo mtu wa mikoani alipoiona Dar es Salaam kwa mara ya kwanza na kuibiwa begi kwa mara ya kwanza. Kituo kile cha mikoani kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na mwaka huo huo barabara za juu za Kijazi zikafunguliwa, ghorofa tatu za magari. Nikala wali maharage kwa mama ntilie, nikazunguka hadi Buguruni kwa barabara ya Mandela na kurudi, kisha kwenye saa tisa alasiri nikawa chini ya zile barabara za juu natafuta gari la Makumbusho kupitia Mwenge.

Saa tisa ndiyo saa ya wanafunzi kutoka shule.

Coaster ikasimama. Konda, kijana wa umri wangu kabisa, akaziba mlango kwa mkono. "Wanafunzi watatu tu! Watatu!" Walikuwepo kama ishirini. Watatu wenye nguvu wakapita chini ya kwapa lake. Mimi mtu mzima nikapishwa kama mheshimiwa. Nyuma yangu alikuwepo binti mdogo wa sekondari, madaftari kifuani. Akasema kwa sauti ya chini, "Konda, naomba, nimekaa hapa muda mrefu." Konda akamwambia, "Subiri la nyuma, mdogo wangu." Mlango ukafungwa.

Nami nilikaa kimya. Naandika hili bila kujisifu. Nilikaa kimya, wakati mimi mwenyewe, nikiwa kidato cha nne, niliwahi kuachwa hivyo hivyo na magari manne asubuhi ya mtihani wa moko wa Hisabati. Nilifika wenzangu wako ukurasa wa tatu. Miaka yote nimewachukia makonda kwa ajili ya asubuhi ile, na siku nilipopata nafasi ya kusema neno moja nilikuwa nahangaika kupata kiti.

Tulipofika Mwenge abiria wakapungua, nikasogea mbele. Nikamwuliza konda, taratibu, kwa nini alimwacha yule mtoto. Nilitegemea matusi. Akanitazama, akacheza na sarafu zake kiganjani, halafu akaniuliza swali. "Kaka, wewe umesoma. Gari hili lina siti kama thelathini. Nikijaza watu wazima thelathini napata ngapi?" Nikamwambia elfu kumi na tano. "Nikipakia wanafunzi ishirini na watu wazima kumi?" Nikapiga hesabu: elfu nne na elfu tano, jumla elfu tisa. "Elfu sita zimekwenda wapi?" Nikanyamaza. "Tajiri hajui mwanafunzi. Jioni anataka hesabu yake kamili. Petroli steshini hawajui mwanafunzi. Sasa mimi na suka tufanye nini?"

Suka hakugeuka, lakini nilimwona kwenye kioo akitikisa kichwa.

Hapo ndipo safari yangu nzima ilipokaa sawa kichwani. Serikali inasema mwanafunzi alipe 200, na inasema vizuri, mtoto lazima afike shule. Lakini zile 300 zinazobaki hakuna aliyeandika zinatoka wapi. Mwenye gari hazitoi, maana yeye anapokea hesabu ya siku, iwe mvua iwe jua. Serikali haizitoi. Kwa hiyo zinatoka mfukoni mwa vijana wawili ambao wengi wao hawana mkataba wala mshahara, wanakula kinachobaki baada ya tajiri na mafuta. Nao, kwa kuwa hawawezi kuzilipa, wanamsukumia aliye dhaifu kuliko wao, mtoto mwenye madaftari. Anazilipa kwa kusimama juani chini ya barabara ya mabilioni.

Simtetei konda. Kumwacha mtoto kituoni ni makosa, na sheria iko wazi. Lakini tumekuwa tukiandika magazetini, na mimi nikiwemo, kwamba tatizo ni tabia mbaya za makonda, wafundishwe adabu, wavalishwe sare. Unaweza kumfundisha adabu mpaka akawa padri, elfu sita zitakuwa bado hazijapatikana. Ni hesabu ile ile iliyoiua UDA. Unapanga bei ndogo, unaisifia, halafu unaiacha tofauti ijitafutie mlipaji. Enzi za UDA mlipaji alikuwa mzee wa Temeke kwenye foleni ya saa kumi. Sasa ni binti wa Ubungo. Mkoa wa Dar es Salaam kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 5.3, na hilo pengo linakua nao.

Makumbusho nikapanda la mwisho, la Posta. Jua limezama, Morocco, Namanga, daraja la Salender, upepo wa bahari ukaingia madirishani na abiria wote wakanyamaza kana kwamba wameamriwa. Nyakati kama hizo ndizo hunifanya niyapende haya magari. Mhasibu, fundi, muuza samaki na mwandishi wa habari wamebanana kiti kimoja, na "samahani dada, nipishe" ikatosha kuwa mazungumzo. Pale Posta konda alikaa kwenye ngazi ya mlango akazipanga noti kwa makundi, la tajiri, la mafuta, na kijikundi chembamba pembeni. Sikumwuliza ni cha nani.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2023 nauli ya mtu mzima ilipanda, 500 ikawa 600. Ya mwanafunzi ikabaki 200. Wazazi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Mimi nilikumbuka lile swali la kwenye Coaster na kulipiga upya. Zile 300 zilikuwa zimekuwa 400. Yule binti alikuwa amezidi kuwa hasara mlangoni kwa shilingi mia nzima.

Siku hizi nikipanda alasiri na kumwona konda anaziba mlango, kuna siku huwa nasema, "Mwache apande, nitamlipia kama mtu mzima." Mara nyingine konda anakubali, mara nyingine ananicheka. Najua si suluhisho, ni shilingi mia nne za mtu mmoja. Lakini angalau siku hiyo, kwa mtoto mmoja, nauli iliyobaki imepata mlipaji asiyeachwa kituoni.

Wewe unayesoma umetulia ofisini, ukishuka jioni kwenda kituoni kwako, hebu waangalie waliosimama. Jiulize ni nani kati yao anakulipia.

Alamsiki.